Nywele fupi, mtindo wa bibi: Namna ya kuviringisha nywele nyumbani bila umeme wala dawa kali

Kisangani. Umeme ukikatika Jumamosi mchana, draya za saluni nyingi za jiji hili hunyamaza. Wenye jenereta huiwasha na bei hupanda. Wasio nayo huwaambia wateja warudi jioni. Kwa mwanamke mwenye harusi ya kuhudhuria saa tisa alasiri, na ambaye nywele zake hazifiki hata mabegani, jioni ni kuchelewa.

Lakini ipo njia ambayo haikuwahi kutegemea umeme. Ni ile iliyotumiwa na wanawake wanaoonekana katika picha za rangi nyeusi na nyeupe zilizotunzwa kwenye albamu za familia: nywele za mbele zimeinuliwa na kuviringishwa juu ya paji la uso, za pembeni zimelazwa zikavutwa nyuma, na kisogoni kuna mviringo mmoja safi. Picha hizo ukizitazama vizuri utagundua jambo moja. Wengi wa wanawake hao hawakuwa na nywele ndefu. Walichokuwa nacho ni uzi, pini, mafuta na subira.

Makala haya yanaeleza mtindo huo umetoka wapi, kwa nini unafaa nywele fupi za kipilipili, namna ya kuutengeneza nyumbani hatua kwa hatua, na kwa nini uamuzi wa kuachana na dawa za kulainisha nywele unahusu afya pia, zaidi ya urembo.

Mtindo uliozunguka dunia

Huko Ulaya, historia ya kukunja nywele kwa mawimbi katika zama hizi huhusishwa sana na Mfaransa Marcel Grateau, aliyeanza kutumia koleo la moto mjini Paris katika miaka ya 1870. Kufikia miaka ya 1920 wanawake wengi wa Ulaya na Marekani walikuwa wamekata nywele zao zikawa fupi, na mawimbi yaliyolazwa kwa vidole na majimaji mazito yakawa fasheni ya mjini.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikaleta sura nyingine. Wanawake waliingia viwandani kwa wingi, na nywele zilizoning'inia zilikuwa hatari karibu na mashine. Nchini Marekani mwaka 1943, mwigizaji Veronica Lake, aliyejulikana kwa nywele zilizomfunika jicho moja, alibadilisha mtindo wake hadharani ili wanawake wa viwandani wamfuate na kufunga nywele zao. Ndicho kipindi ambacho miviringo mikubwa ya mbele ilienea, ile iliyopewa jina la miviringo ya ushindi. Iliuweka uso wazi, ikazuia ajali, na haikuhitaji vitu vingi katika siku ambazo bidhaa zilikuwa adimu.

Kisangani, ambayo hadi mwaka 1966 iliitwa Stanleyville, haikuwa mbali na ulimwengu huo wa sinema kama mtu anavyoweza kudhani. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alileta kikosi chake kwenye Mto Ruiki, karibu na Ponthierville ambayo leo ni Ubundu, kupiga sehemu ya filamu ya The African Queen. Katharine Hepburn na Humphrey Bogart ndio waliokuwa waigizaji wakuu, na mke wa Bogart, Lauren Bacall, ambaye nywele zake za mawimbi zilikuwa zikiigwa Marekani nzima, aliandamana na mumewe hadi msituni. Miaka saba baadaye, mwaka 1958, Audrey Hepburn alifika Stanleyville kwa ajili ya filamu ya The Nun's Story, iliyotoka mwaka 1959. Huyo ndiye aliyewafanya wanawake wengi wa dunia waone kwamba nywele fupi zinaweza kuwa za kifahari, tangu alipoonekana amezikata katika filamu ya Roman Holiday ya mwaka 1953.

Katika miji ya Kongo yenyewe, miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa miaka ya rumba, baa za wazi na studio za picha. Mpiga picha Jean Depara, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 1997, aliacha kumbukumbu kubwa ya maisha ya usiku ya Léopoldville, leo Kinshasa. Katika picha zake wanawake wa mjini wamevaa wanavyotaka, na kichwa ni sehemu ya vazi kama vile viatu na pochi.

Kabla ya Paris kulikuwa na Uele

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba kuinua na kuviringisha nywele ni jambo lililoletwa na meli. Kaskazini mashariki ya Kisangani, katika nchi ya Wamangbetu, wanawake walikuwa na mojawapo ya mitindo iliyopangwa kwa ustadi mkubwa zaidi barani Afrika. Nywele zilivutwa nyuma kutoka kwenye paji la uso, zikazungushwa juu ya umbo lililosukwa kwa vijiti, zikatanuka nyuma ya kichwa kama duara, kisha zikashikiliwa na pini ndefu za mfupa au pembe za ndovu. Mara nyingine ziliongezwa nywele nyingine ili duara lijae.

Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyefika kwa mfalme Mbunza mwaka 1870, alieleza mitindo hiyo katika maandishi yake. Mwaka 1925 msafara wa magari wa kampuni ya Citroën ulipita katika ukanda huu, na picha ya Nobosodru, mke wa chifu Ekibondo, ikasambaa Ulaya. Miaka miwili baadaye, Mei 1927, msanii Mmarekani Mweusi Aaron Douglas alichora sura ya mwanamke wa Kimangbetu kwa jalada la jarida la Opportunity la New York. Hivyo wakati wanawake wa Paris na New York wakijifunza mawimbi ya vidole, tayari walikuwa wakitazama kichwa kilichopambwa katika eneo la Uele.

Eneo hilo, ambalo sasa liko chini ya mkoa wa Haut-Uele, lilikuwa pamoja na Tshopo katika Mkoa wa Mashariki hadi ulipogawanywa mwaka 2015, na Kisangani ndiyo iliyokuwa makao makuu. Kwa maneno mengine, anayeketi leo Makiso au Mangobo akiviringisha nywele juu ya kibunda na kuzibana kwa pini hafanyi jambo geni. Kanuni ni ileile: umbo la ndani la kushikilia, nywele zilizonyooshwa juu yake, na pini ya kufunga kazi.

Kwa nini nywele hukubali kuviringika

Siri ya mtindo huu ni maji. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na ndani yake kuna viungo vya aina mbalimbali vinavyoshikilia umbo. Baadhi ni dhaifu: vikipata maji hufunguka, na maji yakikauka hujifunga upya katika umbo lolote utakalokuwa umeziweka nywele. Ndiyo maana nywele zilizofungwa mabichi usiku hutoka asubuhi na umbo la kile zilichofungiwa.

Viungo vingine, vile vya salfa, ni imara zaidi. Hivyo havifunguki kwa maji. Dawa za kulainisha ndizo zinazovivunja, na vikivunjwa havirudi. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya mtindo wa kuosha na kuondoa, na mtindo ambao ukiuchoka inabidi ukate.

Maji hayohayo ndiyo adui wa mtindo. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, kando ya Mto Kongo, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Hewa ina unyevu mwingi. Nywele zilizonyooshwa kwa pasi ya moto asubuhi zinaweza kuwa zimejikunja tena kabla ya mtu kuvuka mto kwenda Lubunga. Mviringo hauna tatizo hilo kwa kiwango kilekile, kwa sababu haupigani na tabia ya unywele wa kipilipili. Ukipata unyevu kidogo, unywele hujikunja kuelekea kulekule unakoviringishwa.

Nywele za kipilipili pia husinyaa. Unywele wenye urefu wa sentimita 10 ukinyooshwa unaweza kuonekana nusu ya hapo au chini yake ukiachwa wenyewe. Kwa hiyo anayelalamika kwamba nywele zake ni fupi mno kwa mtindo huu, mara nyingi hana nywele fupi bali hajazinyoosha. Hapo ndipo uzi unapoingia.

Vifaa vinavyohitajika

Vingi kati ya hivi vinapatikana katika soko lolote la jiji, na vingine viko jikoni tayari:

Chanuo lenye meno mapana na kitana chenye mkia mwembamba wa kugawia nywele.

Uzi mweusi wa kusukia nywele. Uzi wa kushonea nguo haufai kwa sababu ni mwembamba na hukata nywele.

Pini za nywele zisizopungua 20. Zile ambazo kipande cha plastiki cha kwenye ncha kimetoka zitupwe, kwa sababu hukwaruza ngozi.

Rola, ambazo wengi hapa huziita bigudi. Asiye nazo anaweza kukata vipande vya mrija mnene au kukunja vipande vya kitambaa.

Kibunda cha kujazia. Chukua meshi zilizobaki, zikunje ziwe kama soseji ndogo, kisha zivalishe kipande cha soksi nyepesi ya mwanamke chenye rangi inayokaribia nywele zako. Funga ncha zote mbili.

Mafuta. Tshopo ni nchi ya michikichi. Ni huku, Lokutu, ambako kampuni ya Lord Leverhulme ilikuwa na moja ya maeneo yake makubwa ya michikichi kuanzia miaka ya 1910, ikitafuta mafuta ya kutengenezea sabuni, na ni Yangambi, yapata kilomita 100 kutoka Kisangani, ambako utafiti mkubwa wa mchikichi uliendeshwa tangu miaka ya 1930. Kwa nywele, yanayofaa zaidi ni mafuta ya kokwa, si mawese mekundu ya kupikia ambayo hutia rangi kwenye kola ya blauzi. Mafuta ya nazi nayo yanafaa.

Majimaji ya kushika nywele. Gel ya dukani hutosha. Asiyetaka kununua achukue bamia sita au saba, dongodongo kama wengi wanavyoziita hapa, azikate, azichemshe katika kikombe kimoja na nusu cha maji kwa dakika kumi, achuje kwa kitambaa na kuacha yapoe. Ule utelezi ndio dawa. Majimaji haya huharibika haraka, hivyo tengeneza ya kutosha kazi moja.

Kitambaa cha satini cha kulalia. Kitenge cha pamba hunyonya mafuta na kuchakaza nywele.

Hatua kwa hatua

Usiku wa kwanza: Osha nywele, zitie kirutubisho, kisha zichanue zikiwa na maji kuanzia kwenye ncha kuelekea kwenye mzizi. Zifute kwa fulana ya zamani badala ya taulo. Zikibaki na ubichi kidogo, paka mafuta kiasi kwenye viganja na kuyapitisha.

Gawanya nywele katika mafungu kumi hadi kumi na tano. Chukua uzi, ufunge kwenye mzizi wa fungu bila kukaza, kisha uzungushe kuelekea kwenye ncha ukiacha nafasi ndogo kati ya mzunguko na mzunguko. Funga mwishoni. Uzi unatakiwa kuuvuta unywele, si ngozi. Kama nyusi zinapanda juu au unasikia maumivu, umekaza mno. Fungua uanze upya. Jifunge kitambaa na ulale.

Asubuhi: Hakikisha nywele zimekauka kabisa kabla ya kufungua uzi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Katika hewa ya Kisangani nywele nene zinaweza kuamka bado zina ubaridi wa maji ndani. Keti uani juani kwa nusu saa kama kuna jua. Ukifungua zikiwa mbichi, zitasinyaa mbele ya macho yako na kazi ya usiku itapotea.

Kugawa: Kwa mkia wa kitana, chora mstari kutoka kwenye paji la uso hadi katikati ya utosi, upande unaopenda. Kisha chora mwingine kutoka sikio hadi sikio kupitia utosini. Sasa una sehemu tatu: kubwa ya mbele, ndogo ya mbele upande wa pili, na ya nyuma. Ya nyuma ibane pembeni isikusumbue.

Mviringo wa mbele: Inua sehemu kubwa ya mbele wima. Chana kidogo kurudi nyuma, kutoka katikati ya unywele kuelekea mzizini, mara tatu au nne tu, ili pajae. Laini upande wa nje kwa chanuo na majimaji kidogo ya bamia au gel. Weka kibunda karibu na ncha za nywele, zikunje juu yake, kisha viringisha kuelekea kichwani mpaka kibunda kikae juu ya mstari wa paji la uso, nywele zikiwa zimekifunika chote. Bana kwa pini mbili zinazopishana kama herufi X kila upande. Pini moja moja huteleza, zinazopishana hushikana.

Nywele zikiwa ndefu zaidi ya sentimita 12 zikinyooshwa, huenda usihitaji kibunda. Viringisha kwenye vidole viwili, kisha vitoe taratibu na kubana ndani ya tundu.

Pembeni: Sehemu ndogo ya upande wa pili, na zile za juu ya masikio, zisokotwe zikiwa zimelala kichwani kuelekea nyuma. Chukua mafungu mawili madogo kwenye ukingo wa uso, yapishanishe, na kila hatua ongeza nywele kidogo kutoka chini, kama anayesuka twende kilioni ila kwa mafungu mawili badala ya matatu. Ukifika nyuma ya sikio, bana.

Kisogoni: Nywele za nyuma ndizo huwa fupi zaidi na ndizo zinazowatoa watu machozi. Usizilazimishe kuwa mviringo mmoja kama hazitoshi. Zigawe katika mafungu manne au matano, kila fungu liviringishe kuelekea juu kwenye kidole kimoja, bana kwa pini moja. Miviringo midogo iliyopangwa mstari mmoja juu ya shingo huonekana kama ilikusudiwa hivyo tangu mwanzo.

Kumalizia: Paka gel kidogo kwenye ukingo wa nywele kwa mswaki laini, funga kitambaa cha satini kwa dakika kumi na tano, kisha kitoe. Anayesafiri kwa toleka au pikipiki na abaki na kitambaa mpaka afike. Upepo na vumbi la barabarani huharibu zaidi kuliko mvua nyepesi.

Kama nywele ni fupi zaidi

Kwa nywele zisizofika sentimita 5 hata zikinyooshwa, mviringo wa kibunda hautakubali. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni mawimbi ya vidole: tia gel nyingi kwenye nywele mbichi, zilaze kwa kitana upande mmoja, zuia kwa kidole, kisha zilaze upande wa pili chini yake, na kuendelea hivyo hadi kwenye sikio. Acha zikauke bila kuguswa. Njia hii hufanya vizuri zaidi kwa nywele zilizolegea au zilizowahi kuwekwa dawa.

Ya pili ni mafundo madogo. Gawanya nywele katika miraba, kila mraba usokote mpaka ujikunje wenyewe na kukaa kama konokono, kisha ufunge. Unaweza kutoka nayo hivyohivyo, maana ni mtindo kamili na wa miaka mingi barani, au kuyafungua siku ya pili yakauke na kuacha nywele zikiwa na mikunjo ya mviringo. Mikunjo hiyo ikivutwa upande mmoja na kubanwa kwa pini au ua, sura ya miaka ya 1950 hupatikana bila mviringo wowote mkubwa.

Kinachowekwa rehani

Swali ambalo baadhi ya wasomaji watauliza ni kwa nini mtu ajisumbue usiku mzima wakati kopo la dawa humaliza kazi ndani ya saa moja.

Jibu la kwanza ni ngozi ya kichwa. Dawa nyingi za kulainisha nywele zina kemikali zenye nguvu ya kuunguza, na hata zile zinazouzwa kama nafuu bado ni kali. Zikikaa muda mrefu kuliko inavyotakiwa, au zikipakwa kwenye kichwa chenye kidonda, huacha majeraha. Nyumbani, bila glovu wala saa ya kupimia muda, hatari hiyo huongezeka.

Jibu la pili ni zito zaidi. Oktoba 2022 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 wenye umri wa miaka 35 hadi 74. Katika kipindi cha takriban miaka 11, wanawake 378 kati yao walipata saratani ya mfuko wa uzazi. Wale waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kupata saratani hiyo kuliko wasiotumia. Kwa hesabu za watafiti hao, mwanamke asiyetumia ana uwezekano wa asilimia 1.64 wa kupata saratani hiyo kufikia umri wa miaka 70. Kwa mtumiaji wa mara kwa mara ni asilimia 4.05.

Takwimu hizo zisomwe kwa utulivu. Saratani hiyo bado si ya kawaida sana, na utafiti wa aina hiyo huonyesha uhusiano bila kuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo. Lakini watafiti walieleza pia kwamba wanawake Weusi ndio wanaotumia bidhaa hizo zaidi na huanza wakiwa na umri mdogo. Kwa mama anayefikiria kumpaka binti yake wa miaka minane dawa kwa sababu ya ubatizo au sikukuu, hiyo ni sababu ya kutosha ya kuchukua uzi kwanza.

Mtindo wa asili nao si salama kwa kila hali. Kuvuta nywele kwa nguvu kila wiki, iwe kwa rasta, uzi au pini, husababisha nywele za ukingoni kukatika na hatimaye vinyweleo kufa. Dalili za mwanzo ni vipele vidogo kwenye ukingo wa paji la uso, maumivu ya kichwa baada ya kusukwa, na nywele za mbele zinazozidi kuwa chache. Ukiziona, fungua, pumzisha kichwa kwa wiki kadhaa, na ubadilishe mahali unapogawia nywele kila unapotengeneza. Upara wa aina hii ukigunduliwa mapema nywele hurudi. Ukiachwa miaka, hazirudi.

Siasa kichwani

Nywele zimewahi kuwa suala la serikali pia. Nchini Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza mwaka 1968 operesheni dhidi ya sketi fupi, mawigi na krimu za kujichubua, ikaanza kutekelezwa Januari 1969. Nchini Zaire, sera ya Mobutu ya kurudi kwenye uhalisia katika miaka ya 1970 ilibadilisha majina ya watu na kuwaelekeza wanawake kwenye kitenge. Miaka ya 1980 ikaleta kalikiti na dawa zake zilizochuruzika kwenye kola. Machi 2024 Bunge la Taifa la Ufaransa lilipitisha muswada dhidi ya ubaguzi unaotokana na nywele, uliowasilishwa na mbunge wa Guadeloupe, Olivier Serva.

Katika mabadiliko yote hayo, kazi yenyewe haikuhama: kiti kivulini, mkeka chini, binti ameketi kati ya magoti ya mama au ya yaya yake, na uzi ukizunguka. Wengi wa wanaopata riziki kwa kusuka katika kata za Kabondo, Tshopo na Mangobo walijifunzia hapo kabla ya kumiliki kioo au kiti cha saluni. Anayejua kunyoosha kwa uzi na kuviringisha kwa pini ana kazi hata siku ambayo umeme wa kituo cha Tshopo haujafika mtaani kwake.

Kuutunza mtindo

Mviringo uliobanwa vizuri hukaa siku mbili hadi tatu. Usilale na pini. Zitoe zile za mbele, acha kibunda kikiwa kimeshikiliwa na pini mbili tu za kulala, na ufunge satini. Asubuhi paka mafuta tone moja, rudisha pini, laini ukingo kwa maji kidogo. Siku ya nne fungua kila kitu, chanua kuanzia kwenye ncha, na uache nywele zipumue kabla ya kuziosha.

Mara ya kwanza mviringo wa mbele huenda ukainama upande mmoja, na kisogo kikaonekana kama kimefanywa na mtu mwingine. Ni kawaida. Jaribu siku ambayo huna pa kwenda, si asubuhi ya harusi. Mara ya tatu mikono huwa imeshajua mahali pa pini, na kazi iliyochukua saa mbili huisha ndani ya dakika arobaini.